Mkimbiaji na Tope: Namna ya Kumfundisha Kijana Wakati wa Mvua

Mvua za masika zikishika katika nchi ya Kisii na Nyamira, mkulima anajua la kufanya. Husafisha mifereji, hutazama paa la zizi, hupalilia mahindi kabla hajashindwa na magugu, na majani ya chai huota upesi hata wachumaji hawatoshi. Lakini katika nyumba nyingi za skimu kuna mtu mmoja ambaye mvua humtaabisha kwa njia nyingine, naye ni kijana aliyechaguliwa kukimbia kwa ajili ya shule yake. Uwanja umegeuka tope, siku ya mashindano haingoji jua, mwalimu ana watoto arobaini wa kuwatazama, na baba hajui kama amruhusu mtoto kukimbia au amzuie nyumbani. Makala haya yameandikwa kwa ajili ya baba huyo, na mama yake kijana pia, kwa kuwa mara nyingi ndiye anayefua zile nguo zenye matope.

Kwanza yafaa kufahamu kwamba jambo hili limechunguzwa sana na watu wenye farasi wa mbio. Farasi wa namna hiyo ni mali ya bei kubwa. Uzito wake ni yapata kilo 500, na miguu inayobeba uzito huo ni myembamba. Katika nchi kama Uingereza na Ireland, ambako mvua haikomi, hali ya ardhi ya uwanja hutangazwa kabla ya mashindano. Kwa desturi msimamizi wa uwanja huzunguka na fimbo mkononi, akiichomeka ardhini hapa na pale, aone inaingia kiasi gani. Siku hizi viko vyombo maalum vya kupimia, lakini fimbo haijatupwa. Mwenye farasi akisikia habari hiyo huamua. Yuko farasi anayependa ardhi laini, na yuko yule ambaye akikanyaga tope hupoteza nguvu zake zote. Huyo wa pili huondolewa katika mashindano ya siku hiyo, wala mwenyewe haoni haya. Anajua kwamba kano ya mguu ikiumia vibaya, farasi aweza kupumzishwa mwaka mzima na bado asirudi kama alivyokuwa.

Hapa Kisii hatuna farasi wa mbio. Tuna watu wa mbio, tena mabingwa wa dunia, na ni ajabu kwamba mara nyingi mkimbiaji wetu hutunzwa kwa uangalifu mdogo kuliko farasi yule.

Chukueni habari ya Naftali Temu, mwana wa North Mugirango, ambayo leo imo katika Kaunti ya Nyamira. Alizaliwa mwaka wa 1945. Mwezi wa Oktoba 1964, akiwa na umri wa miaka 19 tu, alipelekwa Tokyo, Japani, pamoja na timu ya Kenya katika Michezo ya Olimpiki. Nchi yetu ilikuwa haijatimiza mwaka mmoja tangu kupata Uhuru. Siku ya mbio za mita 10,000 mvua ilikuwa imenyesha na njia ya mbio ilikuwa imelowa. Njia yenyewe haikuwa ya kitu kama mpira, kama zilivyo za siku hizi. Ilikuwa ya vumbi la mawe lililoshindiliwa, na vumbi hilo likiingiwa na maji hulainika. Watu zaidi ya thelathini wakizunguka humo mara ishirini na tano, ukingo wa ndani, ambao ndio njia fupi, huchimbuka ukawa kama njia ya ng'ombe wanaokwenda mtoni. Waliokuwa mbele walilazimika kuwapita waliosalia nyuma kwa mzunguko mzima, huku wakisukumana. Katika yadi za mwisho Mwamerika mmoja ambaye wachache walimjua, Billy Mills, alitokea upande wa nje akashinda. Mohammed Gammoudi wa Tunisia alikuwa wa pili, na Ron Clarke wa Australia, aliyekuwa na rekodi ya dunia, akawa wa tatu. Temu hakufika mwisho. Siku chache baadaye alikimbia marathoni, akawa wa 49.

Hatusemi kwamba ni mvua iliyomshinda. Alikuwa kijana, alikuwa mgeni wa mashindano makubwa, na mambo yanayoweza kumpata mkimbiaji katika maili sita ni mengi. Lakini fikirini kama angerudi nyumbani akaambiwa kwamba mbio si kazi yake, na kwamba afadhali ashike jembe. Watu wengi huwaambia watoto wao hivyo baada ya siku moja mbaya yenye tope. Temu, aliyekuwa askari wa Jeshi la Kenya, aliendelea na mazoezi. Mwaka wa 1966 huko Kingston, Jamaika, alimshinda Ron Clarke huyo huyo katika mbio za maili sita za Michezo ya Jumuiya ya Madola. Kisha tarehe 13 Oktoba 1968, katika jiji la Mexico, alimfuata Mamo Wolde wa Ethiopia mpaka mzunguko wa mwisho, akampita karibu na utepe, akaipatia Kenya nishani yake ya kwanza ya dhahabu katika Olimpiki. Wakati wake ulikuwa dakika 29 na sekunde 27.4, Wolde alichelewa kwa sehemu ya sekunde tu. Aliyekuwa wa tatu ni Gammoudi, yule wa Tokyo. Siku chache baadaye Temu alipata na nishani ya shaba katika mita 5,000.

Njia ya mbio ya Mexico ilikuwa kitu kipya. Hiyo ndiyo Olimpiki ya kwanza iliyotumia njia ya kitu kama mpira, iitwayo Tartan, ambayo mvua ikinyesha hailainiki. Tangu wakati huo mabingwa wa uwanjani hawakanyagi tope katika mashindano makubwa. Mtoto wa shule ya Keroka au Nyansiongo bado hulikanyaga, ndiyo sababu habari za miaka ile zamfaa zaidi.

Kabla ya Temu alikuwako Nyantika Maiyoro, naye Mkisii. Mwaka wa 1954 yeye na Lazaro Chepkwony walifika London na kuwashangaza Waingereza katika uwanja wa White City. Katika mbio za maili tatu Maiyoro aliondoka kwa kasi akawaacha wenzake mbali sana, mpaka Freddie Green na Chris Chataway walipomfikia na kumpita. Hao wawili walivunja rekodi ya dunia siku hiyo, na Maiyoro akawa wa tatu. Huko Vancouver mwaka ule ule alikuwa wa nne. Katika mita 5,000 za Olimpiki alikuwa wa saba Melbourne mwaka wa 1956, na wa sita Roma mwaka wa 1960. Hakupata nishani ya Olimpiki, lakini ndiye aliyefungua njia ambayo Temu aliipita, na baadaye Robert Ouko, Charles Asati na Hezahiah Nyamau, Wakisii watatu kati ya wanne walioipatia Kenya dhahabu ya kupokezana mita 400 huko Munich mwaka wa 1972. Yobes Ondieki alikuja baada yao. Mwaka wa 1991 alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000, na mwaka wa 1993 huko Oslo akawa mtu wa kwanza kumaliza mita 10,000 chini ya dakika 27.

Sasa tutazame ardhi tuliyo nayo. Sehemu kubwa ya nchi hii iko kati ya futi 5,000 na 7,000 juu ya bahari, na mvua yake kwa mwaka hufika inchi 60 na kupita. Hakuna mwezi ambao mtu aweza kusema kwa hakika kwamba hautakuwa na mvua. Udongo wetu mwekundu ni wenye kina kirefu na hupitisha maji vizuri. Wenye chai wanalijua hilo na kulishukuru. Lakini tabaka la juu, likikanyagwa likiwa limelowa, huteleza kama sabuni na kugandamana na kiatu. Mtoto huanza kukimbia na kiatu cha uzito wa kawaida, na baada ya yadi mia mbili amebeba nusu kilo ya udongo kila mguu.

Katika ardhi kavu mkimbiaji hukanyaga, na ardhi humrudishia nguvu yake. Katika tope, mguu huzama, nguvu humezwa, na msuli hulazimika kuuvuta mguu juu tena. Tena, mguu ukiteleza nyuma wakati wa kusukuma, kano ya nyuma ya kisigino na misuli ya nyuma ya paja huvutwa ghafula. Ndiyo maana majeraha ya wakati wa mvua mara nyingi hutokea kwa mtu aliyetaka kukimbia hatua ndefu kama zile za ukavu. Watu wa farasi husema kwamba farasi anyanyuaye magoti juu huenda vizuri katika ardhi laini, na yule apitishaye kwato chini chini huenda vizuri katika ardhi ngumu. Kwa mwanadamu ni vivyo hivyo: wakati wa tope afupishe hatua, aongeze wepesi wa miguu, anyanyue magoti kidogo, aweke mikono mbali kidogo na mwili ili asipoteze usawa. Mwendo utakuwa wa chini, na hilo si kosa.

Hapa ndipo waalimu na wazazi wengi wanapokosea. Hushika saa mkononi na kumwambia kijana kwamba jana alikuwa na dakika kumi na leo amekuwa na kumi na moja, basi amelegea. Saa haijui kwamba uwanja umelowa. Wakati wa mvua ni bora kuhesabu muda wa kukimbia, si umbali wala kasi. Kijana wa miaka kumi na sita akimbie nusu saa, au dakika arobaini, kwa mwendo ambao anaweza kuzungumza na mwenzake, na hiyo ni kazi ya kutosha kwa siku. Kasi yenyewe iwekwe kwa siku ambayo ardhi imeshika. Siku kama hiyo hupatikana hata mwezi wa Aprili, mtu akiwa tayari kuingojea, nayo isipotezwe kwa kumwambia kijana kwamba leo ni Jumatano na ratiba yasema apumzike.

Mahali pa kukimbilia pachaguliwe kwa fimbo. Mzee yeyote anaweza kufanya kazi hii akiwa anakwenda kutazama ng'ombe wake. Ichomeke fimbo ardhini: ikiingia kidole kimoja, mtoto akimbie kama kawaida, ikiingia vidole vitatu, akimbie polepole tu, ikizama pasipo nguvu, asikanyage hapo. Kwa kawaida kilima huwa kikavu kuliko bonde, na nyasi huwa bora kuliko udongo mtupu. Kupanda kilima wakati wa mvua ni zoezi zuri sana, kwa kuwa mwendo ni wa polepole na miguu hupata nguvu. Kuteremka ndiko kwenye hatari. Apande akikimbia, ateremke akitembea. Barabara ya murram iliyochongwa vizuri hukauka upesi katikati, lakini mtoto afundishwe kukimbia akizikabili gari, kwa maana dereva anayeteleza hawezi kusimama. Njia za kati ya michai si mahali pa mbio: mashina yaliyokatwa hukata muundi, na mwenye chai ana haki ya kukasirika.

Kuhusu malisho tuseme wazi. Wakulima wengi wa skimu huwakubalia watoto watumie malisho kuwa uwanja, na huo ni wema. Lakini watoto arobaini wakizunguka mahali pamoja juu ya nyasi zilizolowa, baada ya wiki mbili nyasi zitakuwa zimekufa na maziwa yatapungua. Njia isogezwe hatua tano au sita kila wiki. Na malisho ambayo ng'ombe walikuwa humo wakati wa mvua yatazamwe vizuri jua linapotoka, kwa sababu alama za kwato hukauka zikawa mashimo magumu yaliyofichwa na nyasi. Kifundo cha mguu kikitegukia humo, mashindano yamekwisha kwa mwaka huo.

Kuna hatari nyingine ambayo ni kubwa kuliko tope, nayo ni radi. Nchi ya Kisii inajulikana kwa radi zake, na kila mwaka watu huuawa. Mvua zetu nyingi huja alasiri, baada ya wingu kukusanyika kutoka upande wa ziwa, na alasiri ndiyo saa ambayo shule hufungua watoto kwa michezo. Basi mazoezi ya wakati wa mvua yafanywe asubuhi kila inapowezekana. Ngurumo ikisikika, hata ikiwa mbali, mazoezi yasimamishwe mara moja na watoto waingie katika nyumba imara. Wasijikinge chini ya mti, wala wasisimame karibu na milingoti ya chuma ya goli, wala wasibaki uwanjani kwa sababu imebaki mizunguko miwili. Wangoje nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Mwalimu atakayesema hivyo ataitwa mwoga na watoto, avumilie.

Viatu ni swali linaloulizwa sana. Wakenya wa kwanza walikimbia bila viatu na dunia ikawastaajabia, na wako wazee wanaoamini kwamba kiatu humdhoofisha mtoto. Mguu mtupu hushika tope vizuri, hilo ni kweli. Lakini ardhi yenye joto na unyevu ndiyo makao ya minyoo ya safura. Mabuu yake hutoka katika mavi ya watu yaliyoachwa ovyo, hungoja ardhini, huingia kwa ngozi ya mguu, na mwisho hukaa tumboni wakinyonya damu. Mtoto mwenye safura huchoka haraka na huhema, na watu husema ni mvivu. Kabla ya kumlaumu mkimbiaji aliyekuwa mzuri na sasa amerudi nyuma, mpelekeni zahanati akapimwe damu na minyoo. Choo kilichochimbwa vizuri na kutumiwa na kila mtu wa boma ni sehemu ya mazoezi ya mbio kama vile kilima. Tena mguu uliokatwa na kigae au msumari katika tope uoshwe kwa maji safi na sabuni, na mtoto apelekwe kwa daktari kwa ajili ya sindano ya pepopunda.

Kwa mazoezi ya kila siku raba zenye meno chini zatosha. Viatu vya misumari viwekwe kwa siku ya mashindano na kwa siku chache kabla yake ili mguu uvizoee, na udongo ukwanguliwe kati ya misumari kabla ya kuanza, la sivyo ni kama hakuna misumari. Gambuti ni kwa zizi la ng'ombe. Tumewaona vijana wakizikimbilia ili kupata nguvu, na walichopata ni malengelenge.

Baada ya mazoezi mtoto avue nguo zilizolowa mara moja, ajipanguse, avae kavu, na apewe kitu cha moto. Uji wa wimbi wenye maziwa ni chakula cha mkimbiaji kisichopitwa na chochote kinachouzwa dukani kwa bei kubwa. Maharagwe, mayai, chinsaga na mboga nyingine za shambani zifuate jioni. Ni jambo la kusikitisha kuona nyumba yenye ng'ombe wawili wa gredi, na maziwa yote yamekwenda kuuzwa hata mtoto anayekimbia hakubakiziwa kikombe.

Mtu aweza kuuliza kama taabu hii ya tope ina faida mbele ya safari, ikiwa viwanja vikubwa sasa ni vya mpira. Ina faida katika mbio za nyika. Huko ardhi ni ya Mungu, na tope ni la kila mtu. Hata uwanja wa farasi wa Ngong, Nairobi, umetumiwa kwa mbio za nyika za watu. Kuanzia mwaka wa 1986 mpaka 2003 timu ya wanaume ya Kenya ilishinda mbio ndefu za nyika za dunia kila mwaka bila kukosa, miaka 18 mfululizo. Mwaka wa 1999 huko Belfast tope lilikuwa jingi, na Paul Tergat akashinda kwa mara ya tano mfululizo. Mwaka wa 2001 mashindano yalikuwa yafanywe Dublin, lakini ugonjwa wa miguu na midomo ulikuwa umewashika mifugo wa Uingereza na kuingia Ireland, basi yakahamishwa. Wafugaji wanaonung'unika karantini inapowekwa hapa kwetu wakumbuke hilo. Yalipelekwa Ostend, Ubelgiji, katika uwanja wa farasi, na uwanja huo ulikuwa umelowa hata wakimbiaji walimaliza wakiwa na matope mpaka usoni. Mohammed Mourhit wa Ubelgiji alishinda mbio ndefu, lakini kwa timu Kenya ilikuwa ya kwanza hata humo.

Siku ya mashindano yenyewe, kama mvua imenyesha, kijana afike mapema na kuutembelea uwanja wote kwa miguu yake. Aone maji yametuama wapi, kona ipi inateleza, na kama ukingo wa ndani umekwisha kuchimbuliwa na mbio za asubuhi. Mara nyingi hatua mbili nje ya ukingo kuna ardhi nzima, na ingawa njia ni ndefu kidogo, mwendo ni mwepesi; Billy Mills alipita nje. Asianze kwa kasi kubwa, kwa maana katika tope aliyechoka hapati nafasi ya kupumzika njiani. Ajiweke mahali ambapo hatapigwa na matope ya walio mbele, asipunguze mwendo ghafula kwenye kona, na nguvu ya mwisho aitoe mahali alipokwisha kuona kwamba ardhi ni imara.

Na wakirudi nyumbani, viatu visiwekwe karibu na moto. Gundi huyeyuka na soli hubanduka, na raba za shilingi nyingi huharibika kwa usiku mmoja. Vioshwe kwa maji baridi, vitolewe kamba, vijazwe karatasi za gazeti zilizokunjwa, na vitundikwe mahali penye upepo chini ya paa. Karatasi zibadilishwe kabla ya kulala. Za gazeti hili zinafaa, baada ya kusomwa.